Raba moja ya vyuma na ya kukimbilia: jibu kwa msomaji wa Tabata

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 36, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, na nina kilo 70. Siku tatu kwa wiki naingia jimu, ambako nachuchumaa na chuma cha kilo 40 mabegani, naruka kamba na kufanya mazoezi ya kwenda pembeni. Jumatano na Jumamosi alfajiri nakimbia mbio fupi za kilomita 3 hadi 5 mitaani. Natumia raba nene na laini niliyoletewa zawadi. Kwenye kukimbia ni raha tupu, lakini nikiwa na chuma najiona nayumba. Nina shilingi laki moja na nusu. Je, ipo raba moja itakayofanya kazi zote mbili, au wauzaji wananidanganya? Muuzaji mmoja ameniambia pia kwamba nina nyayo bapa na nisipovaa raba maalumu nitaharibu magoti.

Jibu: Marahaba, dada yangu, na ahsante kwa kutaja uzito wako, uzito wa chuma na umbali unaoukimbia, kwa maana bila tarakimu hizo ningekuwa nabahatisha tu. Nianze na jibu lenyewe. Raba moja inayomudu kazi zote mbili ipo, na kwa umbali wako hulazimiki kununua jozi mbili, ila ni sharti uichague ukikifikiria kwanza kile chuma kilicho mabegani mwako, kisha ndipo uipime kwa mbio. Wengi hufanya kinyume. Huingia dukani, hubonyeza soli moja baada ya nyingine, huipenda iliyo laini kuliko zote, na wakifika jimu hugundua kwamba kilichowapendeza dukani ndicho kinachowayumbisha. Raba ngumu kiasi huvumilika kwa dakika 30 za kukimbia. Raba laini ya mbio ndefu haivumiliki chini ya chuma, na kadiri unavyoongeza uzito ndivyo inavyozidi kukusaliti.

Sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana ukishaielewa hutahitaji tena kuyategemea maneno ya muuzaji. Mtu anapokimbia, kila hatua humtua juu ya mguu mmoja kwa nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Kwako wewe hiyo ni sawa na kilo 140 hadi 210 juu ya wayo mmoja. Unapochuchumaa na chuma cha kilo 40, mzigo wote pamoja na mwili wako ni kilo 110 hivi, tena umegawanyika kwa miguu miwili. Kwa hesabu hiyo mtu angetarajia kwamba kukimbia ndiko kunakoionea sponji zaidi, na kwa upande wa nguvu ni kweli. Tofauti iko kwenye muda. Katika mbio wayo hukaa ardhini kwa takriban robo ya sekunde: sponji hubonyea, hurudi, na mwili umeshasonga mbele kabla hujapata nafasi ya kuyumba. Kwenye kuchuchumaa umesimama palepale, pengine sekunde 40 kwa seti moja, na sponji hubaki imebonyea muda wote huo, wala haibonyei sawasawa. Upande ulioelemewa hata kidogo huzama zaidi, na ukishazama huvuta uzito mwingine upande huohuo. Kisigino kikiinamia ndani, kifundo cha mguu hukifuata, goti hufuata kifundo, na mtu aliyesimama mbele yako huona magoti yakikaribiana wakati unapoinuka. Raba yako haina kasoro, na huenda hata mtindo wako wa kuchuchumaa hauna kasoro. Umesimama juu ya godoro ukiwa na ndoo ya maji kichwani, na unashangaa kwa nini maji yanamwagika.

Raba za mbio za miaka hii zimeongeza tatizo hilo kwa sababu zimenenepa. Ushindani wa watengenezaji ulifika mahali ambapo mwaka 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka kikomo cha milimita 40 kwa unene wa soli katika mashindano ya barabarani, na raba nyingi za mazoezi ya kila siku zimefuata mkondo huohuo hadi kukaribia unene huo kisiginoni. Milimita 40 ni unene wa vidole viwili vya mtu mzima vilivyobebana na zaidi kidogo. Kadiri unavyosimama juu zaidi ya ardhi kwenye kitu laini, ndivyo mwinamo mdogo unavyogeuka kuwa mkubwa.

Haja unayoisema, ya kiatu kimoja kwa kazi nyingi, si ngeni. Mwaka 1987 kampuni ya Nike ilitoa raba iliyoitwa Air Trainer 1, iliyobuniwa na Tinker Hatfield, ikiwa na mkanda mpana juu ya sehemu ya mbele ya mguu ili kuuzuia usiteleze ndani ya kiatu mtu anapokwenda pembeni. Mchezaji wa tenisi John McEnroe alizivaa uwanjani na kuzipa umaarufu. Baadaye, mazoezi ya kuchanganya vyuma, kuruka na kukimbia ndani ya saa moja yalipoenea, Reebok ikaleta Nano mwaka 2011 na Nike ikaleta Metcon mwaka 2015. Nazitaja kwa sababu ndizo majina utakayoyasikia, lakini kinachozifanya zifae hakiko kwenye jina. Kisigino chake ni kigumu, sehemu ya mbele ni laini zaidi na inakunjika, kitako cha soli ni kipana kuliko kiatu chenyewe, na kitambaa cha juu kina nguvu za kuubana mguu unapokwenda pembeni. Raba yoyote yenye mambo hayo manne, hata kama hujawahi kulisikia jina lake, inastahili kujaribiwa.

Liko jambo la tano ambalo wauzaji wetu hulizungumza mara chache. Kisigino cha raba huwa juu kuliko sehemu ya vidole, na tofauti hiyo, ambayo hapa nitaiita mteremko, hupimwa kwa milimita. Raba nyingi za mbio zina mteremko wa milimita 8 hadi 12, Metcon ina takriban 4, na raba bapa za kitambaa hazina mteremko kabisa. Mteremko mdogo huipa kazi zaidi misuli ya shavu la mguu na ukano wa kisigino. Mteremko mkubwa huvipunguzia hivyo kazi na kuliongezea goti sehemu yake. Hakuna ulio bora kwa kila mtu. Kwenye kuchuchumaa, kisigino kilichoinuka humsaidia mwenye kifundo kigumu kushuka zaidi bila kuinama mbele, na ndiyo maana viatu vya wanyanyua vyuma wa Olimpiki vina kisigino kigumu kilichoinuliwa kwa takriban milimita 20. Viatu hivyo, hata hivyo, havikimbiwi. Kwa mtu mwenye ratiba kama yako ningetafuta mteremko wa milimita 4 hadi 8. Usiukadirie kwa kutazama ubavu wa raba, kwa sababu kingo za soli mara nyingi hupanda juu na mguu hukaa ndani yake kama mayai kwenye trei. Ingiza kidole kimoja ndani ya kiatu na ushike soli kwa nje kwa kidole gumba, kwanza kisiginoni, kisha chini ya mzizi wa vidole, na mikono yako itakupa makadirio yanayotosha.

Sasa twende dukani. Kabla ya kuondoka nyumbani tambua namna ya kueleza shida yako, kwa sababu kwa wanariadha mbio fupi ni zile za mita 100 hadi 400, na mwuzaji anayejua michezo anaweza kukuletea viatu vya misumari. Sema kwamba unapiga vyuma na unakimbia polepole kilomita chache. Nenda jioni, baada ya kutembea au kusimama kutwa, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga na raba iliyokutosha saa tatu asubuhi inaweza kukubana ukiikimbilia. Vaa soksi zilezile unazovaa jimu.

Ukiipata raba inayoelekea kukufaa, usianze kwa kuivaa. Ishike, ubonyeze ubavu wa sponji ya kisigino kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote. Kidole kikizama kama kwenye mkate wa slesi, hiyo ni raba ya kukimbilia tu. Kikigoma kabisa kama kwenye tairi, mbio zako za Jumamosi zitakuwa adhabu. Unachokitafuta ni ukinzani unaokubali kidogo kisha unakataa. Halafu shika ncha na kisigino uikunje: inapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjikia, si katikati ya wayo. Isokote kama unayekamua nguo. Ikisokotwa bila ubishi haitakushikilia unapokwenda pembeni. Binya sehemu inayozunguka kisigino kwa nyuma, ambayo inapaswa kuwa na ganda gumu ndani yake. Mwisho iweke juu ya meza na uitazame kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa meza, kwani hata raba mpya zipo ambazo zimegundishwa zikaegemea upande mmoja.

Ndipo uvae zote mbili na kuzifunga kamba vizuri. Wauzaji wengi wa Kariakoo hutandika kipande cha boksi ili raba isichafuke, na watu huridhika kusimama juu ya boksi hilo sekunde tatu na kujitazama miguuni. Omba zaidi ya hapo. Vua kwanza, usimame kwa mguu mmoja peku kwa sekunde 20. Kisha vaa raba ufanye vilevile. Kama ndani ya raba unatapatapa kuliko ulipokuwa peku, sponji hiyo ni laini mno kwako, na hakuna maelezo ya muuzaji yatakayobadilisha hilo. Chuchumaa polepole mara kumi, mikono ikiwa mbele, ukisikiliza kama kisigino kinahamahama. Ruka papo hapo mara ishirini kama unayeruka kamba, ukitua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Hapo ndipo utakapojua kama mbele kuna sponji ya kutosha, kwa maana zipo raba za jimu ambazo ni ngumu hadi vidoleni na wapenda kamba huzijutia. Kisha ukimbie, walau hadi mwisho wa korido na kurudi. Muuzaji anayekukatalia hayo yote anakuuzia rangi.

Kuhusu namba, usiing'ang'anie ile unayoijua. Hatua moja ya namba za Ulaya, mathalani kutoka 39 hadi 40, ni theluthi mbili za sentimita. Hatua moja ya namba za Uingereza ni theluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita 8.5, na kampuni hazikubaliani hata kwenye kuzilinganisha, kwa kuwa namba 8 ya Uingereza ya mwanamume ni namba 9 ya Marekani kwenye raba za Nike, lakini ni 8 na nusu kwenye raba za Adidas. Tafuta kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu kile kipimo cha sentimita, ambacho kampuni nyingi hukiandika, ukilinganishe na urefu wa mguu wako uliopimwa ukutani nyumbani, ukitumia mguu ulio mrefu zaidi, maana kwa watu wengi miguu hailingani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha itoe ile soli nyembamba ya ndani, uiweke chini na kuikanyaga: vidole vikimwagika nje ya kingo zake, raba ni nyembamba kwako hata kama urefu unatosha. Wengi wetu tuliokulia peku na kandambili tuna vidole vilivyotandaa, na raba za kike nyingi huchongwa nyembamba. Usione haya kujaribu za kiume. Chini ya chuma, vidole vilivyopata nafasi ya kutandaa ndivyo vinavyokushikilia sakafuni.

Nije kwenye nyayo bapa, jambo ambalo kama mtaalamu wa fiziotherapia naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi aliyeanzisha hofu ni muuzaji. Mtazamo kwamba kila umbo la wayo lina aina yake ya raba uliaminiwa kwa miongo kadhaa, hadi ulipopimwa. Watafiti wa jeshi la Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010, waliwagawa makuruta wa jeshi la nchi kavu, la anga na wanamaji katika makundi mawili: kundi moja lilipewa raba kulingana na umbo la wayo wa kila mtu, na jingine likapewa raba ya aina moja bila kujali umbo. Majeraha hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Canada pamoja na wenzake walipendekeza kwamba raba anayoiona mtu ni ya starehe miguuni mwake ndiyo inayouruhusu mwili kufuata njia yake ya kawaida, na kwamba starehe hiyo ni mwongozo bora kuliko umbo la wayo. Naikubali hoja hiyo, kwa angalizo moja linalokuhusu wewe: starehe ipimwe kwenye kazi yenyewe. Raba yako ya zawadi ina starehe kubwa ya kutembea na kukimbia na haina starehe yoyote chini ya chuma, na mwili wako umeshakuambia hivyo. Kama nyayo zako bapa hazikuumi, hazihitaji raba ya pekee. Kama unapata maumivu makali chini ya kisigino kwenye hatua za kwanza unapoamka, au maumivu ya mfupa wa muundi ambayo unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, hayo ni mambo ya kupimwa na mtaalamu ana kwa ana, si ya kutibiwa dukani.

Tuzungumze fedha. Nano au Metcon mpya ya toleo la karibuni huuzwa Marekani kwa takriban dola 130 hadi 150, na hizo zikibadilishwa ni zaidi ya laki tatu kabla ya usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Kwa hiyo ukionyeshwa Metcon mpya ya elfu sabini, ukaapiwa kwamba ni orijino, jua kwamba unanunua jina. Sisemi kwamba kila feki ni mbovu kwa kutembelea. Nasema kwamba anayeinakili raba hunakili kile kinachoonekana, na kinachokuhusu wewe ni ugumu wa sponji ambayo haionekani. Mara nyingi nimeona feki zenye kisigino laini kama kashata iliyopata joto. Laki moja na nusu yako inakupa njia mbili za heshima: raba ya mazoezi ya kampuni isiyo na jina kubwa, mpya, iliyopita majaribio niliyoyataja, au mtumba mzuri.

Kwenye mitumba, iwe Karume au kwingineko, usidanganywe na weupe. Wauzaji wetu ni mafundi wa mswaki na sabuni, na raba iliyokimbia maelfu ya kilomita inaweza kung'aa kuliko iliyovaliwa mara mbili. Tazama ubavu wa sponji kwa karibu: mikunjo midogo iliyolala sambamba, kama ya shati lililokaliwa, huonyesha sponji iliyochoka ambayo haitarudi. Iweke mezani uone kama imelala upande. Kulika kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida ya binadamu wengi. Kulika sana upande mmoja wa jozi kuliko mwingine ni umbo la mwenyewe wa kwanza, na hulihitaji.

Lipo tatizo jingine ambalo halina uhusiano na kuvaliwa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kwenye duka moja mjini jozi ambayo haijawahi kukanyaga ardhi, ikiwa kwenye boksi na karatasi zake, kwa bei iliyonifanya nijione mjanja. Mara ya tatu kuivaa, nikiwa nakimbia Kigamboni alfajiri, nilihisi mguu wa kulia umekuwa mfupi. Nilipoinama niliona soli ya nje imebaki nyuma barabarani, na sponji inamomonyoka mikononi mwangu kama andazi la juzi. Nilirudi kwa bodaboda, dereva akicheka njia nzima. Soli ile ilikuwa ya poliurethani, aina ya plastiki ambayo minyororo ya molekuli zake hukatwa polepole na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kimelala ndani ya boksi, na joto na unyevu wa pwani yetu huiharakisha kazi hiyo. Sponji ya EVA, plastiki nyingine iliyo nyepesi zaidi na inayotumika kwenye raba nyingi, haipatwi na ugonjwa huo, ingawa gundi yake nayo huzeeka. Kwa hiyo, kwa raba yoyote iliyokaa muda mrefu, mpya au ya mtumba, kandamiza ukucha kwenye sponji: ikiacha ufa, unga au kunata, irudishe ilipotoka. Kisha ikunje mara kumi ukisikiliza pale soli inapokutana na kitambaa.

Nilisema hulazimiki kuwa na jozi mbili, lakini umeniambia kwamba ile ya zawadi bado inakupa raha barabarani, na sioni sababu ya kuistaafisha mapema. Iache iwe ya Jumatano na Jumamosi mpaka ichoke, na utakayoinunua sasa ianze na jimu peke yake. Siku ile ya zawadi itakapokufa, hii mpya itakuwa tayari kuirithi kazi ya mbio, kwa umbali usiozidi huo wa kilomita 5. Ukija kuanza mazoezi ya kilomita 10 au nusu marathoni, basi hapo jibu langu litabadilika na nitakuambia uwe na raba ya kukimbilia ya pekee. Na kama fedha itapata matumizi mengine, ada ya shule haisubiri, kuna njia ya bei ndogo kuliko zote: zile raba za kitambaa zenye soli bapa ya mpira ambazo wanafunzi huvaa kwenye vipindi vya michezo. Kwa kuchuchumaa na kunyanyua chuma kutoka sakafuni ni bora kuliko raba nyingi za bei kubwa, kwa kuwa hakuna kinachobonyea kati yako na ardhi. Kwa kuruka kamba ni kavu mno. Siku ya kamba vaa ile laini. Kuchuchumaa kwa soksi sikushauri, kwani vigae vyenye jasho huteleza na sahani ya chuma ikianguka haichagui kidole.

Utakapoihamishia mbio raba mpya, usianze na kilomita 5. Kama ya zamani ilikuwa na mteremko mkubwa, misuli ya shavu la mguu itaulizwa maswali mapya, na kwenye kilomita 5 mtu wa mwendo wa wastani hupiga hatua zaidi ya 5,000. Anza na kilomita 1 au 2, ongeza kidogo kila wiki, na ukiamka na ukano wa kisigino umekaza, rudi nyuma wiki moja.

Kwa utunzaji, adui mkubwa wa raba hapa Dar es Salaam ni unyevu ukifuatiwa na jua, na watu wengi humtibu wa kwanza kwa kumkaribisha wa pili. Baada ya jimu legeza kamba, toa soli ya ndani, jaza magazeti ndani ya kiatu na ukiweke kivulini penye upepo. Usiianike juu ya bati wala kuisahau kwenye buti la gari, ambamo joto hulegeza gundi. Mashine ya kufulia nayo iache. Mswaki, sabuni ya kawaida na maji baridi vinatosha.

Kuhusu muda wake, makadirio ya kawaida kwa raba za mbio ni kilomita 500 hadi 800. Wewe ukikimbia wastani wa kilomita 8 kwa wiki utakuwa umefikisha kama 400 kwa mwaka, na saa za jimu zinaila soli kwa namna ambayo kilomita haziihesabu. Siku ya kuinunua, chukua kalamu ya wino uandike tarehe ndani ya ulimi wa kiatu, mahali pasipoonekana. Baada ya mwaka mmoja isimamishe tena mezani uitazame kwa nyuma, urudie lile jaribio la mguu mmoja kwa sekunde 20, na ubonyeze kisigino kwa kidole gumba kama ulivyofanya dukani.